Mlango wa Wanjugu Juu ya Maji ya Karuruma

Ukiteremka kutoka upande wa Subukia kwenda mto Karuruma, maporomoko utayasikia kabla hujayaona. Mgeni hudhani ni lori linapanda mlima. Husogea kando ya njia alipishe, akangoja, na lori lisifike. Wenyeji humcheka kidogo, kisha humwambia: hilo lori lilianza kupanda kabla babu yako hajazaliwa.

Maji hutumbukia kwenye shimo jeusi, yakachemka humo, yakatoka na hasira zake. Mbele kidogo hukuta mwamba uliolala chini ya mto, nayo hupanda juu yake na kufanya mgongo. Mawimbi mengine hupita, lakini hili halisogei. Kiangazi huwa dogo, mbuzi anaweza kuliruka. Mvua ya masika ikinyesha huko juu, hunyanyuka toka ukingo hadi ukingo, laini kwa mbele, povu kwa juu, kama nundu ya fahali. Ndiyo maana likaitwa Nundu.

Wanjugu alizaliwa juu ya maporomoko hayo, katika kambi ya vibarua, wakati shamba lote lilikuwa la mzungu mmoja. Baba yake alikausha pareto. Maua yalitandazwa kwenye trei za mbao, na trei ikizeeka ilitupwa, na kitu kilichotupwa kambini kilikuwa mali ya watoto. Walizipigilia mbao chini, wakazibeba mpaka mtoni, wakalala juu yake mbele ya Nundu. Mtu asiyejua atasema walikuwa wakitaka kufa. Lakini Nundu ina siri, nayo ni kwamba maji hukimbia chini ya ubao na ubao haukimbii nayo. Mteremko wa wimbi hukuvuta mbele, mto hukusukuma nyuma, na wewe unabaki katikati, umesimama juu ya kitu kinachokwenda mbio. Ukiegemea kushoto, unateleza kushoto. Ukiegemea kulia, unateleza kulia. Wavulana wa kambi walijua kukaa. Wanjugu peke yake ndiye aliyejua kuvuka, toka ukingo mmoja hadi wa pili, na kurudi.

Shule aliiona kwa nje, siku alizowapelekea kaka zake uji. Na alipoanza kuota matiti, mama yake alimchapa kwa kamba ya mbuzi na kumwambia, "Msichana hapandi maji. Nani atakuoa, samaki?" Hapo ndipo trei yake ilipoingia jikoni ikawa kuni.

Aliolewa na Lewis, mwanamume mpole wa watu wa ushirika, waliogawiwa shamba la mzungu lilipokatwa vipande. Kipande cha Lewis kilishuka mpaka mtoni, karibu kabisa na Nundu. Alijenga nyumba ya mbao, na mlango wa jiko akautengeneza kwa mikono yake: mbao za saiprasi zilizobanana vizuri, upande wa nje amezipiga randa mpaka zikawa laini kama shavu, upande wa ndani mbao mbili za kukingama. Walipata mtoto mmoja, Nyakio, ambaye sasa anakata maua huko Naivasha. Kisha Lewis akaugua, akafa.

Mwanamume akifa, nduguze hulia kwa jicho moja. Jicho la pili linapima shamba. Ndung'u, mdogo wake Lewis, alikuwa jirani yao mpakani, na hata udongo wa kaburi haujakauka alianza kusema kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume ni mgeni anayengoja kuaga. Hati za ardhi zilikuwa hazijatoka. Kilichozuia mkono wake ni matoka tu. Itoka ni ua la mwituni, majani mapana, maua meupe yenye mistari ya waridi, na wazee wa huku hulipanda mpakani mbele ya mashahidi. Anayeling'oa hujitafutia laana. Mstari wa matoka ulitoka barabarani ukashuka hadi mtoni, huku kwa Ndung'u, huku kwa Wanjugu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi, mjane wa miaka arobaini na kitu, anakata majani ya ng'ombe kando ya mto, wakati wa masika ya mwaka wa elfu mbili na saba alipomwona Sunny.

Sunny alikuwa Singasinga wa Nakuru mjini, mwenye duka la mbao na misumari, ndevu zake zimefungwa vizuri, kichwani kitambaa chepesi badala ya kilemba. Alikuwa amejichongea ubao wa plaiwudi, akaupaka vanishi, akaja nao Jumapili kupanda Nundu. Alipanda, akaanguka. Akatoka mtoni chini huko akikohoa, akarudi, akaanguka tena. Wanjugu aliweka mundu chini akaketi kutazama vizuri.

"Mathe, unanicheka?" Sunny akauliza, maji yanamtoka puani.

"Sikucheki, boss. Nawaonea huruma samaki. Kila wakitaka kulala unawaangukia."

"Basi nifanye nini?"

"Wewe unapigana na maji. Haya maji hayakujui. Kaa tu, kama mtu amekaribishwa kiti."

"Kuja basi ukae wewe!"

Wanjugu alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu ila Cheptanui, rafiki yake wa ng'ambo, anayenywesha ng'ombe upande wake wa mto. Ndani ya sketi alikuwa amevaa suruali ya marehemu, kama wanavyovaa wanawake wa shamba. Akavua sketi, akaikunja, akaiweka juu ya mundu. Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga.

Mwili una kumbukumbu zake. Alilala juu ya ule ubao, akajisukuma toka kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mwamba, na Nundu ikampokea kana kwamba aliondoka jana. Alipiga magoti. Akaegemea. Akateleza mpaka ng'ambo, akamgusa ng'ombe wa Cheptanui pua, akarudi.

"Wah! Mathe!" Sunny alishika kichwa. "Hiyo umefunzwa wapi?"

"Kwa pareto," Wanjugu akasema, na alicheka mpaka machozi, kwa sababu tangu Lewis afe hakuwa amecheka kwa tumbo lote.

Sunny akawa anakuja kila Jumapili mvua zikiwapo, na siku ubao wake ulipopasuka mwambani, Wanjugu alipanda nyumbani, akaung'oa mlango wa jiko kwenye bawaba, akaushusha kichwani. Ulikuwa mzito kuliko plaiwudi, lakini ulitulia juu ya maji kama ng'ombe mzee anayejua njia. Upande laini chini, zile mbao mbili juu za kushikilia. Jioni aliurudisha mahali pake, akapika ugali nyuma yake. Ulikuwa mlango wa kwanza katika bonde lile kuingia nyumbani umelowa.

Maneno hayakukawia. Ndung'u aliyasema sokoni, mbele ya watu wanaopakua viazi: "Shemeji yangu siku hizi ni bata. Analala kifudifudi juu ya maji, na Mhindi anatazama." Watu walicheka. Aliyasema na kwa wazee, bila kicheko: mwanamke huyu amerukwa na akili, na shamba haliachiwi mwenda wazimu. Wanjugu aliyasikia yote. Jumapili iliyofuata aliteremka mtoni akipitia sokoni, mlango kichwani, ili wamwone vizuri.

Kisha ukaja ule mwisho wa mwaka, na kura, na yale yaliyofuata kura. Hapa hatuyarudii. Watu wa kila lugha walikimbia, kila mmoja akimkimbia mwenzake. Wanjugu alifunga mlango wa jiko kwa kamba, akabeba blanketi, akaishia katika mahema ya uwanja wa maonyesho Nakuru, yeye na maelfu ya wengine. Huko ndiko Sunny alikomkuta, alipokuwa akileta maturubai. Alisema tu, "Mathe, maji bado iko pale," akampa turubai zuri.

Uchungu wa mahema ulipoisha alirudi nyumbani, na hapakuwa na nyumba. Mahali pake palikuwa pamelimwa. Matoka hayakuwapo. Mahindi machanga ya Ndung'u yalikuwa yameota toka kwake hadi kwa Wanjugu bila kipingamizi, kama shamba moja, na Ndung'u mwenyewe amesimama katikati na gambuti zake za mpira.

"Ni wale watu wa vita walibomoa, Mama Nyakio," alisema. "Pole sana. Lakini unajua, aliyekimbia shamba ameliacha."

Wanjugu alivuka daraja la magogo mpaka kwa Cheptanui, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Cheptanui hakungoja kuulizwa.

"Niliona kwa haya macho," alisema. "Hawakuwa watu wetu, wala watu wa mbali. Ni shemeji yako na maksai wake. Alibomoa mchana, akibeba mbao moja moja kama mtu anayejenga. Hata ile miti ya maua aliilima. Mlango alishindwa kuupasua akautupa mtoni."

"Mlango?"

"Si uko hapo nyuma ya zizi. Uliingia kwangu wenyewe, umeshazoea njia."

Wanjugu alienda nyuma ya zizi akaushika. Hapo ndipo alipolia. Alipomaliza kulia, alitaka kesi.

Kesi ya mpaka kwa watu wa huku husikizwa mpakani penyewe. Wazee hutembea juu ya udongo unaogombewa, na wenye kesi hutembea nao bila viatu. Asiyeukanyaga udongo siku hiyo huhesabiwa kwamba ameuachilia, na neno hilo halirudiwi. Mzee Jonah, mkuu wa wazee, mtu wa koti refu na mwavuli, alipanga siku. Ndung'u akaomba isogezwe, ng'ombe wake anaumwa. Ikasogezwa. Akaomba tena, ana matanga kwa wakwe. Wanjugu alishangaa mtu aliyekuwa na haraka ya kulima kuliko mvua sasa amepata subira ya kobe. Hakuelewa, mpaka mvua zilipopamba moto, mto ukavimba, na asubuhi moja daraja la magogo likawa halipo. Siku hiyo hiyo Ndung'u aliwaambia wazee kwamba sasa yuko tayari, hata kesho.

Wanjugu alikuwa bado kwa Cheptanui, na habari zilimfikia kwa sauti. Mwanamke mmoja alisimama ng'ambo akazungusha viganja mdomoni akapiga kelele: wazee wanakuja kesho, jua likifika utosini watatembea! Njia ya kuzunguka kwa gari ilikuwa imekatwa na tope. Ng'ambo ya mto aliona shamba lake, karibu kiasi cha kurusha jiwe, na katikati mto mzima unaokwenda na miti.

Katikati pia kulikuwa na Nundu. Hakuwa ameiona kubwa namna ile tangu utotoni. Ilinyanyuka juu ya kimo cha mtu, na sauti yake ilitikisa ardhi chini ya nyayo.

Kesho yake, jua likipanda, Wanjugu aliubeba mlango hadi kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mwamba wa upande wa Cheptanui. Amevaa suruali ya Lewis, kitambaa kimekazwa kichwani. Cheptanui alikuja nyuma yake akishika ukingo wa mlango, na hata mlango ulipoelea hakuuachilia.

"Wanjugu, ukifa nitamwambia nini Nyakio?"

"Mwambie nilikuwa naenda nyumbani."

"Na ukipona?"

"Niwekee maziwa ya mursik. Ile ya kibuyu kikubwa, si ile unayowapa wageni."

"Kichwa ngumu wewe," Cheptanui akasema. Akaachilia.

Maji yalimshika kwa nguvu ambayo hakuitarajia. Mlango ulipinda pua, ukataka kugeuka, na kwa kitambo hakuona kitu ila kahawia. Kisha tumbo lake likasikia ule mvuto wa zamani, mteremko unamwita mbele, na mlango ukakaa. Mto wote wa Karuruma ukawa unapita chini yake kwa vishindo, na yeye amekaa. Akapiga magoti. Mbele ya uso wake maporomoko yalianguka kama ukuta unaobomoka bila kuisha. Aliegemea kulia, polepole, kama mtu anayemwinamia mtoto aliyelala. Mlango ukaanza kuteleza.

Upande wa pili, haya Wanjugu alisimuliwa baadaye na Mzee Jonah mwenyewe, wazee walikuwa wamesimama juu ya shamba. Ndung'u alikuwa ameshavua gambuti.

"Wazee, jua ndilo hilo," alisema. "Mwenye kesi hayuko. Tutembee tumalize."

"Mto umejaa, Ndung'u."

"Mto si shahidi, mzee."

Hapo walisikia vigelegele kutoka ng'ambo, vya mwanamke mmoja, vikali kuliko maporomoko. Walitazama chini. Juu ya Nundu, katikati ya mto, kulikuwa na mwanamke amepiga magoti juu ya mlango.

Wanjugu hakuwaona. Alikuwa amefika katikati, penye povu, mahali ambapo Nundu huvunjika na kukurushia maji kifuani. Hapo haegemei mtu. Hapo unangoja wimbi lijirekebishe. Alingoja. Ndipo Cheptanui aliponyamazisha vigelegele na kupiga ukelele, naye alipoinua macho aliona mti mzima wa mkaratusi, mizizi na matawi, umetokeza juu ya maporomoko. Ulisimama kidogo pale ukingoni, ukainama, ukaanguka ndani ya lile shimo jeusi na kupotea.

Kinachozama humo hutoka, na kikitoka kinakuja Nundu. Hakuwa tena na ruhusa ya kungoja. Aliegemea kwa mwili wote, goti moja nje ya mlango, mkono ndani ya maji kama kasia, na mlango ukaruka juu ya povu, ukakata wimbi mshazari kwa kasi ambayo hata utotoni hakuijua. Mti ulichomoka nyuma yake. Tawi moja liligonga pembe ya mlango, likamega kipande, likapita. Kisha maji yakatulia ghafla, yale yanayorudi nyuma kando ya ukingo wa kwao, na pua ya mlango ikagonga matete.

Alikaa kidogo hapo akihema. Kisha akainuka, akatia mlango mgongoni, akapanda. Miguu yake haikuwa na viatu, hivyo hapakuwa na cha kuvua.

"Wazee wangu, msinisamehe kwa kuchelewa," alisema, "kwa sababu sikuchelewa."

Mzee mmoja alianza kucheka, akaficha kicheko kikohozini. Mzee Jonah alitazama jua, akatazama mto, akafunga mwavuli wake.

"Huyu ndiye mliyeniambia ana wazimu?" akauliza.

"Si mmeona wenyewe?" Ndung'u alisema. "Mtu mwenye akili anapanda mlango?"

"Mimi nimeona mtu anayelitaka shamba lake. Wewe ulipitia wapi kuja, Ndung'u?"

"Mimi? Mimi nakaa hapa."

"Basi. Tutembee."

Walitembea. Ndung'u aliwaonyesha mahindi yake, mistari iliyonyooka, akasema mpaka ulikuwa kule mbele, matoka yalikufa kwa kiangazi, Mungu wake shahidi. Alikuwa amelima Januari, jua kali, wakati itoka limelala bila jani bichi. Alikata alichokiona. Lakini itoka lina kitunguu chake, na kitunguu hicho hukaa chini mno, mahali ambapo plau ya maksai haifiki, kikingoja mvua. Mtu mwenye subira angechimba. Yule alikuwa na haraka wakati wa kulima, na subira wakati wa kesi, na vyote viwili alivipata wakati usiofaa.

Wanjugu ndiye aliyesimama kwanza. Katikati ya mahindi, kati ya shina na shina, palikuwa na majani mapana mabichi, na juu yake ua moja jeupe lenye mistari ya waridi. Mbele yake lingine lilikuwa bado halijafunguka. Mbele tena, lingine. Mvua ile ile iliyochukua daraja ilikuwa imeyaamsha. Yalishuka toka barabarani hadi mtoni, yakiyakata mahindi ya Ndung'u katikati kama kamba.

Mzee Jonah aliinama, akaligusa la kwanza kwa ncha ya mwavuli.

"Yamejiotea tu," Ndung'u akasema. "Ni magugu."

"Magugu hayasimami mstari," Mzee Jonah alijibu. "Na mimi nilikuwapo yalipopandwa. Nilishika kamba." Akawageukia wenzake. "Kuna wa kusema lingine?"

Hakukuwa. Ndung'u aliambiwa mahindi aliyoyapanda huku ni ya mwenye shamba, na nyumba aliyoibomoa ataijenga, naye ataanza na nguzo kabla mvua haijaisha. Alitazama chini muda wote. Miguu yake mitupu ilikuwa na matope, na kwa mara ya kwanza Wanjugu aliona kwamba ilifanana na ya Lewis. Hilo lilimuuma kidogo, lakini halikumrudisha nyuma.

Aliubeba mlango mpaka mahali jiko lilipokuwa. Alipajua kwa mawe matatu ya moto, ambayo plau ilikuwa imeyasukuma tu kando. Aliusimamisha, akauegemeza mawe huku na huku, upande laini nje, ukidondosha maji ya mto. Mlango bila ukuta, pembe moja imemegeka, mahindi mbele na mahindi nyuma.

Wazee walitaka kupita waende barabarani, na njia fupi ilikuwa hapo hapo. Ndung'u alitangulia, akaanza kuuzunguka.

"Shemeji," Wanjugu akamwita. "Kwa mtu hupigwa hodi."

Ndung'u alisimama. Alimtazama Mzee Jonah kama anayeomba kuokolewa. Mzee alivua kofia, akaenda mbele ya ule mlango uliosimama peke yake shambani, akaugonga mara moja kwa kifundo cha mkono.

"Hodi hapa kwa Wanjugu."

"Karibu, mzee wangu. Pita."

Akapita, na wazee wakapita nyuma yake, mmoja mmoja, kila mmoja na hodi yake, kila mmoja akakaribishwa. Ng'ambo ya mto Cheptanui alikuwa ameanza tena vigelegele. Ndung'u alibaki nje wa mwisho, gambuti mkononi. Kisha akagonga.

Wanjugu alimwacha asimame hapo kwanza. Alikaza kitambaa chake kichwani, akakamua maji kwenye suruali ya Lewis, mguu huu, halafu ule.

"Nani?" akauliza.